KUMWULIZA MWENZAKO KABLA YA KUKAA NAYE CHUMBA KIMOJA: JE, NI DHANA MBAYA?

Bismillahi Rahmani Rahim





Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu (s.w.) na kumwombea rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), tunapenda leo tuzungumze jambo linalogusa karibu kila nyumba ya hapa Bihambwe. Kijana amemaliza shule, anataka kwenda kusoma Goma. Binti ameahidiwa kazi ya kuuza duka mjini. Baba anampeleka mgonjwa hospitali kubwa na huenda akakaa huko miezi. Mchuuzi anataka kuwa karibu na soko la Birere. Wote hao hushuka njia ileile, wakapita Mushaki, wakafika Sake, kisha wakamaliza zile kilomita 25 hivi mpaka Goma. Na wote wakifika hukutana na swali moja: nitalala wapi, na nitalala na nani?

Neno hilo la pili, "na nani", ndilo tunalotaka kulitazama. Vijana wengi hulionea haya. Husema: "Yule ni ndugu, tumetoka mlima mmoja, nitamwulizaje maswali kama polisi? Si nitakuwa nimemdhania vibaya?" Hilo ni swali la haki na linastahili jibu la haki. Je, Mwislamu anayemchunguza mwenzake kabla ya kukaa naye chumba kimoja amefanya dhambi ya dhana mbaya? Au ametimiza wajibu wake?

MGENI HANA UWEZO WA KUPANGA PEKE YAKE

Kwanza tuone kwa nini watu wanakaa wawili wawili na watatu watatu. Goma ni mji ghali, na ughali wake una sababu. Tangu 1994 mashirika mengi ya misaada yalikuja kufanya kazi huko, na kodi za nyumba zikazoea kuhesabiwa kwa dola. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka, moto wake ukapita katikati ya mji, na watu zaidi ya laki moja wakapoteza makazi. Mji ukajengwa tena juu ya mawe yale meusi. Halafu vita vya Masisi na Rutshuru vikasukuma watu kuelekea Goma mara baada ya mara. Watu wameongezeka, vyumba havikuongezeka kwa kiasi hicho.

Tupige hesabu ya mfano tu. Tuseme chumba kimoja kinapangishwa kwa dola 30 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka garanti ya miezi mitatu, hizo ni dola 90. Komisioneri aliyekuonyesha chumba anataka kodi ya mwezi mmoja kwa kazi yake, dola 30. Na mwezi wa kwanza unalipwa papo hapo, dola 30. Kabla hujatandika mkeka umetoa dola 150. Sheria ya nchi ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu upangaji imeweka kikomo cha miezi mitatu ya garanti kwa nyumba ya kukaa, lakini wako wanaodai zaidi, na mgeni mwenye mizigo mlangoni hana nguvu ya kubishana.

Basi kijana anatafuta mwenzake ili wagawane. Wawili wanatoa dola 75 kila mmoja. Hapo ndipo haraka inapoingia: chumba kimepatikana leo, kesho kitachukuliwa na mwingine, na huyu mwenzake anayekubali kugawana amemjua juzi tu. Haraka hiyo ndiyo mlango wa hasara nyingi. Mmoja anaamka asubuhi, mwenzake ameondoka na akiba yake yote. Mwingine anagundua baada ya miezi mitatu kwamba risiti ya garanti iliandikwa jina la mwenzake peke yake, naye wakigombana hana anachodai. Na mwingine, Mwenyezi Mungu atuepushe, ni binti ambaye hasara yake hairudishwi kwa pesa.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa mjini wanalijua. Vita vilipofika Goma mwisho wa Januari 2025, benki zilifungwa. Watu wakaweka akiba zao chini ya godoro, kwenye gunia la maharage, au ndani ya simu. Pesa inapolala chumbani, anayelala chumbani humo amekuwa mlinzi wa pesa hiyo, apende asipende. Kwa hiyo tunaposema "mwenzako wa chumba" tunamtaja mtu ambaye mikononi mwake umeweka amana: mali yako, usingizi wako, siri yako na heshima yako. Amana haikabidhiwi mtu kwa sababu tu amecheka vizuri.

MAJIBU MAWILI YANAYOPOTEZA WATU

Katika jambo hili watu wamegawanyika makundi mawili.

Kundi la kwanza linasema: ndugu ni ndugu, muamini tu, kuuliza ni aibu. Wenye kusema hivi wanadhani wanalinda undugu. Lakini tazameni wachimbaji wetu wanaoingia mashimoni. Mchimbaji mwenye akili haingii shimo bila kuuliza miti ya kushikilia udongo imewekwa na nani, na nani atabaki juu. Anauliza, na wenzake hawakasiriki. Wanajua kwamba udongo ukianguka hauchagui aliyeuliza na aliyenyamaza. Ikiwa hatuoni aibu kuuliza kwa ajili ya kazi ya mchana mmoja, mbona tuone aibu kuuliza kwa ajili ya kulala usiku mia tatu?

Kundi la pili linasema: mjini hakuna ndugu, usimwamini mtu yeyote, kila mmoja ni mwizi mpaka siku utakapomzika. Wenye kusema hivi wameumizwa, na maneno yao yana uchungu wa kweli. Lakini mtu akiishi hivyo atalala na jicho moja wazi maisha yake yote, na yeye mwenyewe hataaminika, kwani asiyetoa imani hapewi. Tena atakuwa amewahukumu watu wengi wema kwa kosa la wachache.

Kundi la kwanza linaacha akili, kundi la pili linaacha rehema. Dini yetu haikutuamuru kuacha hata kimoja katika hivyo viwili.

SURA INAYOITWA "VYUMBA"

Ndani ya Qur'ani kuna sura ya 49, nayo inaitwa Al-Hujurat, yaani Vyumba. Ina aya 18 tu. Jina hilo linatokana na vyumba vya Mtume (s.a.w.), kwa sababu watu fulani walisimama nje na kumwita kwa kelele, nao wakafundishwa adabu. Na ukiisoma sura hiyo kwa utulivu utaona kwamba jibu la swali letu limo humo kwa mpangilio.

Katika aya ya 6 waumini wanaamriwa kuhakikisha habari inapowafikia, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakajuta. Katika aya ya 12 wanakatazwa dhana nyingi, wanakatazwa kupelelezana, na wanakatazwa kusengenyana. Na katika aya ya 13 wanaelezwa kwamba mataifa na makabila yamewekwa ili watu wajuane, na kwamba mbora mbele ya Mwenyezi Mungu ni mcha Mungu zaidi.

Angalieni, ndugu zangu. Amri ya kuhakikisha na katazo la dhana viko katika sura moja, vimetenganishwa na aya chache. Lau kuhakikisha kungekuwa ni dhana mbaya, basi sura ingekuwa inaamuru kitu hapa na kukikataza pale, na hilo haliwezekani. Kwa hiyo ni vitu viwili mbalimbali. Dhana ni kumhukumu mtu kabla ya kuuliza. Kuhakikisha ni kuuliza kabla ya kuhukumu. Mwenye dhana tayari ana jibu moyoni, ndiyo maana haulizi. Mwenye kuuliza bado hajahukumu, ameacha mlango wazi ili mwenzake ajieleze. Kumbe kuuliza ndiko kunakoiondoa dhana.

TUULIZE NINI, NA TUSIULIZE NINI

Hata hivyo si kila swali ni halali, na hapa kwetu Kivu ya Kaskazini tunapaswa kusema wazi. Swali la kwanza ambalo watu wengi huuliza mtu akitaka chumba ni: "Wewe ni wa kabila gani?" Tunajua wote swali hilo limetufikisha wapi tangu vita vya Masisi vya 1993. Watu wamefukuzwa, wameuawa, kwa jibu la swali hilo moja.

Swali la kabila halikuhakikishii kitu. Mwizi anatoka kila kabila, na mwaminifu anatoka kila kabila. Anayemkataa mtu kwa kabila lake amefanya dhana iliyokatazwa, na anayemkubali mtu kwa kabila lake amefanya dhana hiyohiyo kwa upande wa pili. Huyu wa pili ndiye anayeibiwa mara nyingi, maana tapeli anajua kuzungumza lugha ya nyumbani kwenu vizuri kabisa. Anakusalimu kwa lugha ya mama yako na moyo wako unalainika, kumbe hujamjua, umetambua sauti tu.

Maswali ya halali ni yale yanayohusu matendo. Imesimuliwa kwamba mtu mmoja alimsifu mwenzake mbele ya Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.). Umar akamwuliza kama ni jirani yake anayejua kuingia kwake na kutoka kwake. Akasema hapana. Akamwuliza kama amewahi kusafiri naye, kwa maana safari hufunua tabia. Akasema hapana. Akamwuliza kama amewahi kushughulika naye kwa dinari na dirhamu. Akasema hapana. Umar akamwambia kwamba huyo mtu basi hamjui, labda alimwona tu msikitini akiinua kichwa na kukiinamisha katika sala.

Hakuna kipimo kizuri kuliko hicho kwa anayetafuta mwenzake wa chumba. Mdogo wetu, ukiambiwa "fulani ni mtu mzuri", mwulize huyo anayekwambia: Umekaa naye jirani? Umesafiri naye? Umefanya naye mambo ya pesa? Akijibu hapana mara tatu, mshukuru, lakini usichukue maneno yake kuwa ushahidi. Na wewe mwenyewe mwulize yule unayetaka kukaa naye, kwa adabu na kwa uso mkunjufu: Unafanya kazi gani, na wapi? Ulikaa wapi kabla ya hapa, na kwa nini uliondoka? Nani mwingine ana ufunguo wa mlango? Wageni wako ni nani na wanakuja saa ngapi? Unakunywa pombe? Tukishindwa kulipa mwezi mmoja tutafanyaje? Kisha nenda kule alikokaa kwanza ukawasalimu majirani. Mwonyeshe kadi yako ya mchaguzi, ambayo Wakongomani kwa miaka mingi tumeitumia kama kitambulisho, na yeye akuonyeshe yake. Anza wewe kujieleza kabla ya kumtaka yeye ajieleze. Mtu mwema hatakasirika, kwa sababu na yeye anatafuta usalama uleule. Akikasirika kwa kuulizwa tu anafanya kazi wapi, basi amekwisha kukupa jibu lako.

UNDUGU WA DAMU HAUONDOI WAJIBU WA KUULIZA

Wazazi wengine husema: "Sisi hatuna shida, binti yetu atafikia kwa baba yake mdogo." Alhamdulillahi, kuunga undugu ni ibada, na walezi wema ni wengi. Lakini neno "baba mdogo" halikwambii nani mwingine analala katika nyumba ile. Je, kuna vijana wakubwa ambao si maharimu wake? Atalala chumba gani, na chumba kina komeo kwa ndani? Atakwenda shule kweli, au atakuwa mtumishi asiye na mshahara? Akiona jambo baya atampigia nani simu, na simu hiyo itakuwa mkononi mwa nani?

Mzazi anayeuliza hayo hamtukani ndugu yake. Anatimiza ulezi ambao ataulizwa juu yake Siku ya Kiyama. Mama, nenda ukaione nyumba kwa macho yako kabla mtoto hajalala humo usiku mmoja. Nauli ya kwenda na kurudi ni ndogo kuliko machozi. Na umwambie binti yako, mkiwa wawili tu, kwamba akitaka kurudi mlango wa nyumbani uko wazi, hata kama shule haijaisha na hata kama watu watasema. Binti anayeogopa kurudi nyumbani ndiye anayevumilia yasiyovumilika.

KUANDIKA SI KUTOAMINIANA

Baada ya kuulizana, andikeni. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Surat Al-Baqara, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Mwenyezi Mungu hakuiteremsha kwa wezi, aliiteremsha kwa waumini. Kumbe waumini nao husahau, huchoka, hufilisika na hufa, na karatasi inawalinda wote wawili.

Karatasi yenyewe ni fupi. Andikeni majina yenu wawili katika risiti ya garanti, na kila mmoja ametoa kiasi gani. Andikeni kodi inalipwa tarehe ngapi. Andikeni kwamba anayetaka kuondoka atatoa taarifa muda gani kabla, na sehemu yake ya garanti atarudishiwa vipi. Watu wawili watie sahihi kama mashahidi, na mwenye nyumba naye atie yake. Nendeni pamoja kwa shefu wa avenyu mjitambulishe. Vyombo vya kila mmoja vijulikane: godoro la nani, sufuria ya nani, mbabula wa nani. Siku ya kuachana ndipo mtakapoona kwamba karatasi ile imewaachia urafiki wenu.

WAJIBU WA ANAYEULIZWA

Mpaka hapa tumezungumza na anayetafuta. Sasa tuzungumze na sisi tuliobaki, kwa maana wengi wetu tutaulizwa.

Ukiulizwa habari za mtu na unajua kwamba anaiba au anapiga, usinyamaze ukasema unaogopa kusengenya. Imam an-Nawawi katika kitabu chake Riyadh as-Salihin ametaja hali sita ambamo kumtaja mtu kwa asilolipenda kunaruhusiwa, na moja yake ni kumpa nasaha mwenye kutaka kuoa, kushirikiana au kuwa jirani na mtu. Na Bibi Fatima binti Qays (r.a.) alipomtaka Mtume (s.a.w.) shauri juu ya wanaume wawili waliomposa, alimweleza kasoro ya kila mmoja bila kuficha. Lakini sema kile unachokijua tu, kwa kiasi kinachohitajika, kwa yule anayehitaji, kisha nyamaza. Zaidi ya hapo ndiko kusengenya.

Na ukiombwa barua ya kumtambulisha kijana, kumbuka kwamba sahihi yako ni ushahidi. Wazee wengine huandika "ni mtu mwema sana" kwa kila anayeomba, ili asiondoke na huzuni. Huko ni kumtia hatarini mtu usiyemjua ili kumfurahisha unayemjua. Ni bora uandike maneno machache ya kweli: nimemjua miaka mitano, alifanya kazi ya duka langu, pesa haikupungua. Sentensi hiyo moja ina uzito kuliko kurasa mbili za sifa.

Wenye nyumba nao wasikie. Mtume (s.a.w.) alipotia mkono ndani ya rundo la nafaka sokoni akakuta chini ni mbichi na juu ni kavu, alimkemea muuzaji kwa kuficha kasoro. Chumba nacho kina chini na juu. Upande wa magharibi wa Goma, kuelekea Mugunga na Sake, kuna mahali penye mazuku, yaani hewa nzito itokayo ardhini ambayo haina harufu na hukaa bondeni. Anayelala chini juu ya mkeka ndiye anayeuawa kwanza, na mtoto kabla ya mkubwa. Mgeni hajui. Anaona chumba cha bei rahisi na anashukuru. Mwenye nyumba anayejua na kunyamaza kwa ajili ya dola chache ameuza kifo. Vilevile nyumba za mbao zilizobanana hushika moto haraka, na anayelala na mbabula wa makala ndani ya chumba kilichofungwa huenda asiamke, kwani moshi usioonekana humlaza daima. Wenzake wa chumba wamwambie hayo usiku wa kwanza, wasingoje wa pili.

MLANGO UKISHAFUNGWA

Kuuliza kuna wakati wake, nao ni kabla. Mkishakubaliana na kuingia, sura ileile ya Vyumba inakukataza kupeleleza. Usifungue mfuko wa mwenzako. Usisome ujumbe wa simu yake, na akiandika namba yake ya siri ya pesa geuza uso. Usisimulie nje alivyolala, alivyolia, alichokula na alichokosa. Piga hodi hata kama ufunguo unao.

Kuna watu ambao hawakuuliza neno siku ya kwanza kwa aibu, kisha wakaanza kuchungulia kila siku kwa hofu. Hao wamegeuza mambo. Aliyeuliza vizuri mlangoni hana haja ya kuchungulia ndani, ndiyo maana analala.

NA YULE ASIYE NA WA KUMSHUHUDIA?

Ndugu Waislamu, mwenye akili kati yenu atauliza: ikiwa kila mtu atataka jirani wa kushuhudia, je, yule ambaye vita vimetawanya majirani zake wote atalala wapi? Hilo ndilo swali gumu kuliko yote, na kwetu si la kubuni. Mwezi wa Mei 2021 volkano ilipolipuka tena na watu wa Goma wakaamriwa kuhama, maelfu kwa maelfu walikuja Sake na huku Masisi, wakalala misikitini, makanisani na mashuleni. Miaka michache baadaye njia ikageuka, watu wa Sake na wa vilima hivi wakakimbilia Goma. Mwezi wa Februari 2025 makambi ya pembeni mwa mji yakavunjwa na wengi wakashika njia tena. Aliyekuwa mwenyeji amekuwa mgeni, na aliyekuwa mgeni amekuwa mwenyeji. Watu kama hao wakiulizwa "nani anakujua?" hujibu kwa kunyamaza.

Jibu tunalipata Madina. Mtume (s.a.w.) alipohama Makka mwaka 622, hakuwaacha Muhajirina kila mmoja abishe mlango wa mtu asiyemjua. Aliwaunganisha yeye mwenyewe, mtu na mtu, mbele ya watu wote. Sa'd bin Rabi' (r.a.) alipotaka kumpa Abdurrahman bin Awf (r.a.) nusu ya mali yake, mgeni yule alimwombea baraka na akaomba aonyeshwe soko tu, akaenda kufanya biashara. Mwenyeji hakubana na mgeni hakunyonya. Na wale ambao hawakuwa na nyumba wala jamaa walikaa pamoja kwenye Suffa, kibaraza cha msikiti, machoni pa watu wote, wakilishwa na watu wote.

Tazameni hekima yake. Mgeni asiyejulikana hakufukuzwa, wala hakusukumwa kwa mjane mmoja au kijana mmoja abebe hatari peke yake. Jamii nzima ilimbeba kwanza, mahali penye macho mengi, mpaka akajulikana kwa kazi yake na maneno yake. Hapo sasa anaweza kushuhudiwa. Ushahidi ambao vita vilimnyang'anya, jamii humrudishia kidogo kidogo.

Kwa hiyo hilo ndilo jibu letu. Tahadhari ni haki ya mtu mmoja mmoja, hasa mnyonge: binti, mwanafunzi, mjane. Asilaumiwe akisema "sikujui, siwezi". Lakini makaribisho ni deni la sisi wote pamoja. Tukimlaumu binti kwa kukataa kukaa na asiyemjua, na sisi tumefunga milango, tunataka rehema yetu ilipwe kwa usalama wake. Na tukiacha mgeni alale nje kwa sababu kila mmoja wetu ana tahadhari, sote tutaulizwa.

Tunaomba basi wazee wa msikiti wachague watu wawili wanaoaminika, mwanamume na mwanamke, wawe wanaandika katika daftari majina ya watoto wetu wanaokwenda Goma na ya jamaa zetu wa huko walio tayari kupokea mgeni kwa wiki mbili za kwanza. Wiki mbili zinatosha kijana atafute chumba bila haraka, aulize, atembee, akatae kisichomfaa. Haraka ikiondoka, nusu ya hatari imeondoka. Mabinti wapokewe na mama mtu mzima mwenye nyumba yenye watu. Kazi hiyo haihitaji pesa nyingi. Inahitaji daftari, simu moja, na watu wakweli.

Mwenyezi Mungu awalinde watoto wetu wanaolala mbali, awape wenzao wema, na atujaalie sisi wenyewe kuwa wenzao wema kwa watoto wa watu. Amin.

Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

(Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Tafadhali usiitupe chini. Ukimaliza kuisoma mpe mwingine, na tafadhali usiisome wakati imamu anahutubu.)